Upasuaji wa Kano ya Kisigino: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wagonjwa wa Tabora na Kigoma

Maswali haya ni yale tunayoulizwa karibu kila wiki katika chumba cha mazoezi ya viungo mjini Tabora, ambako wagonjwa hufika kwa magongo wakiwa na kano iliyoshonwa, kano iliyoachwa ijiunge yenyewe ndani ya plasta, au kano iliyokatika miezi mingi iliyopita bila mtu yeyote kuitambua. Majibu ni ya jumla. Uamuzi kuhusu mguu wako utaufanya wewe pamoja na daktari aliyeushika na kuupima.

Kano ya kisigino ni nini, na kwa nini watu wengi huiita mshipa?

Mtu akisema "mshipa wa nyuma ya mguu umekatika" huenda anamaanisha mshipa wa damu, mshipa wa fahamu au kano, kwa kuwa neno hilo moja limebebeshwa yote matatu. Tunachozungumzia hapa ni kano: ule ukamba mgumu unaoweza kuushika kwa vidole viwili juu kidogo ya kisigino, ambao unaiunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Vitabu vya tiba huiita kano ya Achilles. Hakuna kano nyingine mwilini iliyo nene na yenye nguvu kama hii. Urefu wake ni takriban sentimita 15, nayo ndiyo inayounyanyua mwili kila unaposukuma ardhi ili kupiga hatua. Sehemu iliyo kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino hupata damu kidogo kuliko nyingine, na hapo ndipo kano nyingi hukatikia.

Hukatika kwa namna gani?

Mgonjwa wa kawaida ni mwanamume mwenye umri wa kati ya miaka 30 na 50 ambaye wiki nzima ameketi dukani au ofisini, kisha Jumapili asubuhi anaingia uwanjani na timu ya maveterani bila kupasha mwili moto. Anachomoka kuufuata mpira, na ghafla anahisi amepigwa teke nyuma ya mguu. Hugeuka kumtafuta aliyempiga, na nyuma yake hakuna mtu. Simulizi hii ya teke lisilo na mpigaji tumeisikia mara nyingi kiasi kwamba mgonjwa akianza kuieleza, tunajua tuanze kupapasa wapi. Wengine huumia kwa kukanyaga shimo gizani, au kwa kuruka kutoka kwenye mtumbwi wakiwa na mzigo begani na kutua kwa vidole.

Kano inaweza pia kuwa imedhoofika mapema. Kisukari, ugonjwa wa figo, matumizi ya muda mrefu ya prednisoloni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) na sindano za dawa za jamii hiyo zinazochomwa karibu na kano huongeza hatari. Vivyo hivyo siprofloksasini, dawa ambayo wengi wetu tunaiita sipro na kuinunua dukani kwa ajili ya taifodi au maambukizi ya njia ya mkojo: mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kundi hilo la dawa libandikwe onyo zito kwa sababu ya kuchanika kwa kano, hasa kwa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia prednisoloni. Ukiwa unameza sipro na kisigino kikaanza kuuma, acha mazoezi na urudi haraka kwa aliyekuandikia dawa.

Kisha kuna kano zilizokatwa na kitu chenye makali, kama vile panga, jembe, kipande cha bati, au spoki za baiskeli kwa mtoto aliyebebwa nyuma. Hizo zina jibu lake hapo chini.

Kama kano imekatika, mbona bado natembea na kukunja mguu?

Swali hili ndilo linalowapotosha wagonjwa, na si wagonjwa peke yao. Kano ya kisigino ina wasaidizi: misuli mingine midogo inayopita nyuma ya kifundo huweza kuuinamisha wayo hata kano kubwa ikiwa vipande viwili. Maumivu makali hupungua baada ya siku chache, uvimbe unashuka, na mtu anaanza kuchechemea kwenda kazini akiamini ametegua kifundo tu. Asichoweza kufanya ni kuchuchumia kwa mguu huo mmoja, yaani kusimama kwa ncha za vidole kama anayetaka kufikia embe lililo juu.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya ukingo wa kitanda, kisha mtu alibinye shavu la mguu kwa kiganja chote. Kwenye mguu mzima, wayo utainama wenyewe, vidole vikielekea chini, kama kengele iliyovutwa kwa uzi. Kwenye mguu uliokatika kano, wayo unabaki umening'inia bila kutikisika hata ukibinywa mara tatu. Hilo ndilo jaribio la Thompson. Daktari atapitisha pia kidole juu ya kano kutoka kwenye shavu hadi kisiginoni, na mara nyingi kidole kitazama kwenye pengo. Kwa kawaida majaribio haya yanatosha, kukiwa na shaka kipimo cha ultrasaundi husaidia, na eksirei hupigwa ili kuona kama kano imeng'oka na kipande cha mfupa. Eksirei yenyewe haiionyeshi kano vizuri, kwa hiyo kuambiwa "picha iko safi, hakuna kilichovunjika" hakumaanishi kwamba kano ni nzima. Omba ubinywe shavu la mguu.

Nifanye nini katika saa na siku za kwanza?

Usikanyagie mguu huo, uinue juu ya mto, weka kitambaa chenye maji baridi, na uufunge vidole vikiwa vimeelekea chini. Tunasisitiza neno chini. Kifundo kilichoteguka hufungwa wayo ukiwa umenyooka kama uliosimama sakafuni, na kwa mazoea mguu wenye kano iliyokatika hufungwa vivyo hivyo. Kufanya hivyo kunavitenganisha vipande viwili vya kano, ilhali wayo ukiinamishwa ncha zake hukaribiana. Banzi lililofungwa kwa kanga, au nusu plasta iliyowekwa zahanati huku wayo umeinama, vinaweza kuamua kama kano itaunga ikiwa na urefu wake au itaunga ikiwa ndefu na legevu.

Jambo la pili ni kuchua. Mawese na mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) vina kazi nyingi njema nyumbani, lakini kano iliyochanika haichuliwi. Kuchua huongeza uvimbe, hulegeza ngozi ambayo huenda ikapasuliwa siku chache baadaye, na kubwa zaidi hupoteza muda. Kano inayoshughulikiwa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa plasta au kwa uzi, ni kazi tofauti kabisa na kano iliyosubiri miezi miwili.

Je, ni lazima nifanyiwe upasuaji?

Hapana, na hata wagonjwa waliokuja wakiwa tayari wameuza mbuzi kwa ajili ya upasuaji huambiwa hivyo. Kano inaweza kuunga yenyewe iwapo wayo utawekwa umeinama tangu mapema, ukaachwa hivyo kwa wiki za kutosha, kisha mazoezi yakaanza kwa utaratibu.

Utafiti mkubwa uliofanyika Norwei na kuchapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watu 526, baadhi wakiwa wametibiwa bila kupasuliwa, baadhi kwa upasuaji wa kufungua na baadhi kwa upasuaji wa tundu dogo. Baada ya miezi 12, namna walivyoweza kutumia miguu yao haikutofautiana kwa kiwango cha maana. Tofauti ilikuwa kwingine. Kano ilikatika tena kwa asilimia 6.2 ya wasiopasuliwa, na kwa asilimia 0.6 tu katika kila kundi la waliopasuliwa. Kwa upande mwingine, mishipa ya fahamu iliumia kwa asilimia 0.6 ya wasiopasuliwa, 2.8 ya waliofunguliwa na 5.2 ya waliofanyiwa upasuaji wa tundu dogo.

Takwimu hizo zinatoka kwenye nchi ambako mgonjwa hupata uangalizi wa karibu wa mtaalamu wa mazoezi, na hapo ndipo uamuzi wetu unapokuwa mgumu. Mkulima wa tumbaku wa Kaliua ambaye hataweza kurudi kliniki kila baada ya wiki mbili ana sababu ya kufikiria uzi. Lakini mtu huyo huyo, akiwa na kisukari kisichodhibitiwa au vidonda miguuni, ana sababu nzito zaidi ya kuukwepa kisu. Kwa maoni yetu, upasuaji unastahili kufikiriwa zaidi kwa mtu mwenye afya njema ambaye kazi au mchezo wake unahitaji nguvu za mguu, kwa aliyechelewa kutambuliwa, kwa ambaye ncha za kano haziwezi kukutana hata wayo ukiinamishwa, na kwa kila aliyekatwa na kitu chenye makali.

Upasuaji wenyewe unafanywaje?

Mara nyingi mgonjwa huchomwa ganzi ya uti wa mgongo, hivyo huwa macho lakini haumwi kuanzia kiunoni kwenda chini. Nusukaputi nayo hutumika pale inapobidi. Hulazwa kifudifudi, na mpira wa kuzuia damu hufungwa pajani. Daktari huchana ngozi kwa urefu, akielekea kidogo upande wa ndani wa kano badala ya katikati, kwa kuwa upande wa nje hupita mshipa wa fahamu unaoupa hisia ukingo wa wayo.

Kano iliyochanika yenyewe haina ncha safi. Inafanana na kamba ya katani iliyofumuka baada ya kuvutwa mpaka ikakatika: nyuzi ndefu, fupi, nyingine zimejisokota kwenye damu iliyoganda. Daktari huzikusanya, hupitisha uzi imara usioyeyuka pande zote mbili kwa mshono wa kufungia, ambao kila pindo linabana nyuzi ili zisichomoke, kisha huinamisha wayo na kufunga mafundo ncha zikiwa zimegusana. Baada ya hapo hushona utando mwembamba unaoifunika kano, halafu ngozi, na kumaliza kwa nusu plasta wayo ukiwa umeinama. Kwa jeraha jipya kazi hii huchukua takriban saa moja.

Kuna hatari gani?

Hatari inayotusumbua zaidi ni kidonda. Ngozi ya nyuma ya kisigino ni nyembamba na haina nyama chini yake, kwa hiyo ikioza au ikiingia usaha, kano na nyuzi hubaki wazi, na kurekebisha hali hiyo ni kazi kubwa kuliko upasuaji wa kwanza. Ganzi ya kudumu kwenye ukingo wa nje wa wayo hutokea kwa baadhi ya watu. Kano inaweza kukatika tena, au kuunga ikiwa ndefu kupita kiasi.

Damu kuganda ndani ya mishipa ya mguu ni hatari kwa waliopasuliwa na wasiopasuliwa sawia, kwa sababu mguu umefungwa na hausogei. Shavu la mguu likivimba na kuuma ndani ya plasta, au ukipata maumivu ya kifua na kuhema kwa shida, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali usiku huo huo. Fanya hivyo pia vidole vikibadilika rangi au kupoteza hisia, au plasta ikianza kutoa harufu.

Navuta sigara. Je, kuna tatizo?

Lipo. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya kisigino tayari inapata damu kidogo. Acha kabla ya upasuaji na usirudie mpaka kidonda kifunge. Tunafahamu kwamba ushauri huu, katika mkoa ambao tumbaku ndiyo iliyojenga nyumba nyingi, hupokewa kwa tabasamu.

Niende wapi?

Anzia kituo kilicho karibu ili mguu ufungwe vizuri na upate barua ya rufaa. Tabora ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, na Hospitali ya Nkinga iliyoko wilayani Igunga. Kigoma ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Yakihitajika matibabu zaidi, wagonjwa hupelekwa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kabla ya kusafiri, piga simu uulize kama daktari bingwa wa mifupa yupo wiki hiyo. Ukisikia kwamba kambi ya madaktari bingwa inakuja mwezi ujao, usiingoje ukiwa na kano mpya iliyokatika.

Anayepanda treni kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 1,200 mbele yake. Aombe kitanda cha chini, ainue mguu, achezeshe vidole mara kwa mara na anywe maji ya kutosha, hata kama hilo litamlazimisha kwenda msalani mara nyingi kuliko angependa.

Nitalipa kiasi gani?

Bei hutofautiana kwa hospitali na kwa aina ya bima, kwa hiyo hatutaji. Unapouliza, usiulizie "upasuaji" peke yake. Uliza kuhusu vipimo, uzi, plasta zitakazobadilishwa mara kadhaa, magongo, na mahudhurio ya mazoezi. Wengi huishiwa fedha baada ya kushonwa, wakati ambapo sehemu ndefu ya tiba ndiyo kwanza inaanza.

Nini hufuata baada ya kushonwa?

Wiki mbili za kwanza ni za kuulinda mguu: unainuliwa, haukanyagi, plasta hailowani. Nyuzi za ngozi hutolewa takriban siku ya 10 hadi ya 14. Kuanzia hapo wayo hurudishwa kidogo kidogo kuelekea kwenye hali yake ya kawaida, kwa kiatu maalumu chenye kabari za kisigino zinazopunguzwa moja baada ya nyingine, au, pale kiatu hicho kisipopatikana, kwa plasta mpya kila baada ya wiki mbili, kila moja ikiwa imeinama kidogo kuliko iliyotangulia. Wagonjwa wengi huruhusiwa kuanza kukanyaga taratibu ndani ya kipindi hicho. Plasta au kiatu huvuliwa kwa kawaida kati ya wiki ya 6 na ya 10, kwa maelekezo ya daktari wako.

Siku ya kuvua plasta huleta furaha, na furaha hiyo inahitaji ulinzi. Shavu la mguu limenyauka, kano imeunga lakini bado ni changa, na nyumba zetu zimejaa mitego. Mtego wa kwanza ni choo cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa huivuta kano kwa nguvu zote, na hakuna mgonjwa anayeweza kujizuia akiwa ameshateleza. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu kinatosha kwa miezi mitatu au zaidi. Wanaoswali tunawashauri waswali wakiwa wameketi kwenye kiti mpaka waruhusiwe, kwa sababu kuinuka kutoka kwenye sijida kunakunja kifundo na kubebesha vidole uzito wa mwili. Kandambili ziwekwe kando, hazishiki kisigino.

Kwa viatu, fundi wa mtaani ni msaidizi wetu mkubwa. Mpelekee viatu vyote viwili vya kufunga kamba, umwombe aweke ndani ya kile cha mguu ulioumia tabaka tatu za mpira au ngozi chini ya kisigino, kila tabaka likiwa na unene wa karibu nusu sentimita, zisigundishwe kwa gundi kali. Kila baada ya muda utakaopewa, unachomoa tabaka moja. Mafundi wanaoshona katambuga hulielewa jambo hili kabla hujamaliza kulieleza.

Mazoezi huanza kwa kuuinamisha wayo ukiwa umeketi, kisha kunyanyua visigino vyote viwili ukishika ukuta, na miezi kadhaa baadaye kunyanyua kisigino kimoja. Kuivuta kano kwa nguvu ili "inyooke upesi" ni kosa, kwa kuwa kano iliyorefushwa hairudi.

Imepita miezi mitatu tangu niumie, na ndiyo kwanza nimeambiwa kano ilikatika. Je, nimechelewa?

Umechelewa kwa mshono wa kawaida, lakini hukukosa tiba. Misuli imeshajivuta kwenda juu na pengo limejaa kovu lisilo na nguvu. Daktari anaweza kurefusha sehemu ya juu na kuishusha, au kuuhamisha mkano unaokunja kidole gumba cha mguu na kuupandikiza kwenye mfupa wa kisigino ufanye kazi ya kano. Kidole hicho hupoteza sehemu ya nguvu zake, jambo ambalo wengi hulizoea. Kwa mzee ambaye hatembei umbali mrefu, kiatu kizuri na mazoezi huenda vikamtosha bila kisu.

Mtoto wangu alinaswa kisigino kwenye spoki za baiskeli. Je, kidonda kikishonwa inatosha?

Haitoshi mpaka mtu aangalie ndani ya kidonda. Kidonda chochote kilichokatika nyuma ya kifundo, cha mtoto au mtu mzima, kichukuliwe kuwa kimegusa kano mpaka ithibitike vinginevyo. Kinahitaji kuoshwa vizuri kwa maji mengi, chanjo ya pepopunda ikaguliwe, na kano iliyokatwa ishonwe chumbani mwa upasuaji. Jeraha la spoki husaga ngozi pia, na ngozi iliyoonekana nzima siku ya kwanza huweza kuwa nyeusi siku ya nne, kwa hiyo mrudishe akaguliwe hata kama halii.

Lini nitarudi kazini, kwenye bodaboda na uwanjani?

Kazi ya kuketi huwezekana baada ya wiki chache, mradi mguu uinuliwe. Kazi ya shamba au ya kubeba mizigo husubiri miezi minne hadi sita. Kwa dereva wa bodaboda, mguu wa kulia hukanyaga breki na wa kushoto hubadili gia, na wowote kati ya hiyo unaweza kulazimika kushikilia pikipiki na abiria kwenye mchanga. Kwa hiyo asirudi barabarani kabla hajaweza kutembea haraka bila kuchechemea.

Kuhusu mpira, wengi hututajia David Beckham, aliyekatika kano ya mguu wa kushoto Machi 2010 akiichezea Milan, akashonwa nchini Finland na kuonekana tena uwanjani Septemba mwaka huo huo. Ni kweli, lakini alikuwa na watu wa kumsimamia kila siku, na hata hivyo alilikosa Kombe la Dunia. Kwa mchezaji wa kawaida, kukimbia mstari ulionyooka huanza takriban mwezi wa nne au wa tano, na mechi ni kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na mbili. Sisi hatuangalii kalenda peke yake. Tunamsimamisha mgonjwa mbele ya ukuta, ananyanyua kisigino cha mguu mzima mpaka achoke, tunahesabu, kisha anafanya hivyo kwa mguu ulioshonwa. Akifika 25 upande mmoja na 9 upande wa pili, tunamwambia aje tena baada ya mwezi.